Cheti cha Rubani na Jalada la Daktari

Katika mtaa wa Gurei, ulio kwenye viunga vya magharibi mwa jiji la Juba, mlio wa ndege si jambo la kumfanya mtu ainue kichwa. Ndege huruka kutoka uwanja wa Juba kwenda Malakal, Wau, Rumbek, Bentiu na viwanja vingine vingi vidogo ambavyo ni vipande vya ardhi iliyosawazishwa tu. Msimu wa mvua ufikapo, sehemu kubwa ya barabara za Sudan Kusini hugeuka tope lisilopitika, na hapo chakula, dawa, mishahara na watu wenyewe hubakiwa na njia moja, nayo ni ya angani.

Wananchi wa Juba wanaijua gharama ya njia hiyo. Tarehe 4 Novemba 1915 ya karne nyingine haikumbukwi na mtu, lakini 4 Novemba 2015 inakumbukwa: siku hiyo ndege ya mizigo ya aina ya Antonov 12 ilianguka kando ya Mto Nile muda mfupi baada ya kuruka, ikaua watu zaidi ya 35. Tarehe 22 Agosti 2020 ndege ya Antonov 26 ilianguka karibu na makazi ya Hai Referendum. Tarehe 29 Januari 2025, katika Jimbo la Unity, ndege ndogo iliyokuwa imewabeba wafanyakazi wa visima vya mafuta ilianguka, na kati ya watu 21 waliokuwamo alipona mmoja tu.

Baada ya kila msiba watu huuliza habari za injini, uzito wa mizigo na umri wa ndege. Ni haki yao kuuliza. Wala misiba hiyo haitajwi hapa kwa kudai kuwa marubani wake walikuwa wagonjwa. Dai hilo halina msingi. Lakini liko swali jingine ambalo aghalabu haliulizwi, nalo ni hili: Rubani yule alipimwa na daktari gani, daktari akaandika nini, na maandishi hayo yamehifadhiwa wapi?

Swali hili lina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoyafundisha mataifa ya Ulaya na Marekani kwamba mtu anaweza kuwa askari shupavu wa miguu na bado asifae kurusha ndege. Madaktari wa siku hizo walikuwa wakibahatisha. Walikuwa na kiti cha kuzunguka, kilichobuniwa na Robert Bárány, daktari wa masikio aliyepata Nishani ya Nobel ya mwaka 1914. Kijana aliketishwa humo, akazungushwa mbiombio, kisha daktari akamtazama macho yalivyokuwa yakichezacheza. Wengi walikataliwa kwa sababu ya kiti hicho, na miaka michache baadaye likaachwa jambo la kukitumia kuchagulia marubani. Mwaka 1918 Jeshi la Marekani lilifungua maabara ya utafiti huko Mineola, karibu na New York, ili kubahatisha kuwe kwa kipimo.

Vita vilipokwisha, mataifa yalikutana Paris, na tarehe 13 Oktoba 1919 yakatia sahihi mkataba wa kwanza wa kusimamia safari za anga. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na kiambatisho kilichoeleza afya ya warusha ndege. Kilitaka mwombaji awe na historia njema ya afya, yake binafsi na ya ukoo wake, hasa katika uthabiti wa akili na mishipa ya fahamu. Kilitaka apimwe tena walau kila baada ya miezi sita. Halafu kikaongeza sharti dogo ambalo msomaji wa haraka angeliruka: kwamba matokeo ya kila uchunguzi yaambatanishwe na kumbukumbu zake za kwanza, na kwamba aliyeugua au kupata ajali apimwe upya kabla ya kurudi kazini.

Yaambatanishwe na kumbukumbu za kwanza. Waliotunga sharti hilo walikwisha kung'amua kwamba uchunguzi wa siku moja ni kama picha moja. Mtu aliyesimama wima katika picha huenda alikuwa akianza kuanguka. Ili kumjua, hapana budi picha zote ziwekwe pamoja katika jalada moja, na jalada hilo limfuate popote aendapo.

Marekani haikuuridhia mkataba ule, lakini ilifuata njia iyo hiyo. Mwaka 1926 Idara yake ya Biashara ilimteua Dakta Louis Bauer kuwa mkuu wa tiba ya usafiri wa anga, na Februari 1927 ikatoa orodha ya madaktari 57 walioruhusiwa kuwapima marubani wa kiraia. Maana ya orodha ile ilikuwa nzito. Tangu hapo haikutosha mtu kuleta barua ya daktari yeyote. Ilibidi daktari mwenyewe awe anajulikana, na taarifa yake iende kwa serikali badala ya kubaki mfukoni mwa aliyepimwa.

Juba nayo haikuwa mbali na mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilipoanzisha safari za kutoka Uingereza hadi Afrika ya Kusini, Juba ilikuwa kituo kimojawapo katika njia ile iliyofuata Mto Nile na kuendelea mpaka Kisumu na Nairobi. Rubani aliyetua Juba alikuwa na leseni ya Uingereza. Daktari wake alikuwa Uingereza, na jalada lake pia. Mwafrika aliyeonekana uwanjani alikuwa mpakuzi wa mizigo. Hakuna aliyempima macho wala moyo, kwa kuwa haikufikiriwa kwamba angeketi mbele ya usukani wa ndege. Utaratibu huo wa jalada kukaa mbali na mahali ndege inaporukia ulizaliwa zama hizo za ukoloni, na utaonekana tena mbele katika maelezo haya.

Tarehe 7 Desemba 1944 ulitiwa sahihi Mkataba wa Chicago, ambao ndio msingi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo, kilichopitishwa mwaka 1948, ndicho kinachotawala leseni za warusha ndege hata leo. Kimegawa uchunguzi wa afya katika madaraja matatu: la kwanza kwa marubani wa biashara, la pili kwa marubani wa ndege za binafsi, la tatu kwa waongoza ndege walioko ardhini. Rubani wa biashara kwa kawaida hupimwa kila miezi 12. Akitimiza miaka 60, au akiwa amepita miaka 40 naye hubeba abiria akiwa rubani pekee, hupimwa kila miezi sita. Kila jicho lake lazima liweze kuona kiwango cha 6 kwa 9, na yote mawili pamoja 6 kwa 6, iwe kwa miwani au bila miwani. Hupimwa pia kama anatofautisha rangi, kwa mabamba ya namna ya yale aliyoyatoa Dakta Shinobu Ishihara wa Japani mwaka 1917. Moyo wake hupimwa kwa mashine ya umeme anapoomba cheti mara ya kwanza, kisha kila miaka miwili akiwa kati ya miaka 30 na 50, na kila mwaka baada ya hapo.

Mtu akiisoma orodha hiyo aweza kudhani kuwa mashine ndizo zinazotoa cheti. Sivyo. Kabla ya mashine yoyote kuwashwa, mwombaji hupewa karatasi ya maswali. Amewahi kuzimia? Amewahi kutibiwa moyo, kifafa, kisukari, ugonjwa wa akili? Anatumia dawa gani? Amewahi kupimwa kwa ajili ya leseni, lini, wapi, na matokeo yalikuwaje? Amewahi kunyimwa cheti au kunyang'anywa? Hutia sahihi yake chini kwamba ameeleza kweli. Sahihi hiyo ndiyo mlango wa jalada, na umewahi kufunguliwa kwa uongo.

Usiku wa tarehe 22 Aprili 1966 ndege ya shirika la American Flyers ilikuwa ikitua Ardmore, katika Jimbo la Oklahoma, ili ijaze mafuta. Ilikuwa imebeba askari vijana. Watu 98 walikuwamo. Ndege iligonga kilima karibu na uwanja, wakafa 83. Wachunguzi walibaini kuwa nahodha alishikwa na moyo wakati ndege ilipokuwa ikizunguka ili itue. Nahodha huyo, Reed Pigman, alikuwa pia rais wa shirika lenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa akitibiwa moyo, tena alikuwa na kisukari. Madaktari waliomtibu walijua. Daktari wa leseni hakujua, kwa kuwa katika karatasi ya maswali Pigman aliyaficha yote hayo. Alikuwa na majalada mawili, moja la ugonjwa na jingine la kazi, na hayakuwahi kukutana hata siku moja.

Huko Uingereza, tarehe 18 Juni 1972, ndege ya Trident ya shirika la BEA ilianguka Staines dakika chache baada ya kuruka kutoka Heathrow, wakafa wote 118. Nahodha Stanley Key alipopasuliwa alikutwa na mishipa ya moyo iliyoharibika vibaya. Tume ya uchunguzi iliitaja hali hiyo ya moyo kuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya ashindwe kutumia akili yake sawasawa. Msikilizaji asimlinganishe na Pigman. Nahodha Key alipimwa kama sheria ilivyotaka, na vipimo vya moyo akiwa amepumzika havikuuonyesha ugonjwa. Jalada lake halikudanganya. Lilikuwa limenyamaza tu, kwa sababu chombo kilichotumika hakikuweza kuona. Msiba huo uliwasukuma madaktari wa Uingereza na Ulaya kufikiri upya namna ya kuupima moyo wa rubani, na namna ya kukadiria uwezekano wa mtu kuanguka ghafla akiwa kazini.

Miaka zaidi ya 40 baadaye, ilipodhaniwa kwamba mambo haya yamekwisha kutengenezwa, ndege ya Germanwings ikitoka Barcelona kwenda Düsseldorf iligongeshwa milimani nchini Ufaransa, tarehe 24 Machi 2015. Watu 150 walikufa. Rubani msaidizi ndiye aliyeiangusha kwa makusudi, akiwa amemfungia nahodha nje ya chumba cha rubani. Jalada lake la leseni lilikuwa na habari. Mwaka 2009 alikuwa amenyimwa cheti kwa sababu ya ugonjwa wa sonona, kisha akarudishiwa kikiwa na alama maalumu. Alipougua tena, mwishoni mwa mwaka 2014, alikwenda kwa madaktari kadhaa, na baadhi yao waliona kuwa hafai kuwa kazini. Hakuna aliyeiarifu mamlaka ya anga wala mwajiri. Vyeti vya kupumzika alivyoandikiwa vilikutwa nyumbani kwake, vingine vimechanwa.

Wachunguzi wa Ufaransa hawakuishia kwa kumlaumu mtu aliyekwisha kufa. Walieleza pia kwamba rubani anayepoteza cheti hupoteza kipato, na kwamba kijana yule alikuwa na deni la masomo. Hapo ndipo penye ugumu. Rubani anayeficha shinikizo la damu si lazima awe mtu mwovu. Huenda ana watoto shuleni, wazazi wanaomtegemea kijijini, na kazi moja tu anayoijua. Karatasi ya maswali inayomwadhibu msema kweli na kumwacha mwongo haiwezi kutarajiwa ijazwe kwa ukweli. Ndiyo sababu kanuni za ICAO, zinapodai taarifa zote, zinadai pia siri ya mgonjwa ilindwe: taarifa ya daktari huenda kwa mamlaka ya leseni, hufungiwa mahali salama, na hufunguliwa na wanaohusika tu. Mwajiri anatakiwa kujua kama mtu anafaa au hafai. Si kazi yake kujua kila lililoandikwa.

Tena, uchunguzi wenyewe umewahi kutumika kwa dhuluma. Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kilikuwa kikiwakataa vijana waliorithi chembe moja ya selimundu, ingawa walikuwa wazima na hawakuwa na ugonjwa wenyewe. Wengi walioguswa na katazo hilo walikuwa watu weusi. Ilibidi jambo lifikishwe mahakamani, na mwaka 1981 katazo likaondolewa. Katika nchi za Afrika Mashariki, ambako chembe hiyo imeenea sana, habari hiyo inafaa ikumbukwe na kila daktari anayeshika kalamu ili aandike neno "hafai".

Je, mambo haya yamesimamiwaje katika eneo hili? Kuanzia mwaka 1946 Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways. Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, idara moja ilishughulikia usafiri wa anga kwa nchi zote, na mwaka 1971 chuo cha marubani kilifunguliwa Soroti, Uganda. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Wanaoukumbuka mwaka huo huzikumbuka ndege zilizozuiwa Nairobi na mpaka uliofungwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kila nchi ililazimika pia kuanza kutoa leseni zake, kuteua madaktari wake na kufungua majalada yake. Jumuiya ilipofufuliwa, nchi wanachama ziliona hasara ya kila mmoja kulima shamba lake peke yake katika jambo la usalama wa anga. Mwaka 2007 ikaundwa taasisi ya CASSOA, ambayo makao yake yako Entebbe, ili kanuni za nchi hizo zilingane, zikiwamo kanuni za leseni na za uchunguzi wa afya.

Sudan Kusini haikuwamo katika historia hiyo. Mpaka 9 Julai 2011 mamlaka ya leseni kwa Juba ilikuwa Khartoum. Nchi mpya ilijiunga na ICAO mwaka huohuo wa 2011, na ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Taifa linaweza kupandisha bendera kwa siku moja. Jalada la afya la rubani wa miaka 50 linahitaji miaka 25 ili likamilike, na kurasa zake za kwanza, kwa aliyeanzia kazi Khartoum, ziliandikwa Khartoum. Tangu vita vilipozuka katika jiji hilo tarehe 15 Aprili 2023, mtu yeyote aweza kukisia ugumu wa kuandika barua huko kuomba kurasa hizo.

Kuna kizuizi kingine ambacho kimo katika sheria yenyewe. Ibara ya 32 ya Mkataba wa Chicago yasema kwamba rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi ambamo ndege imesajiliwa. Ibara ya 33 yazitaka nchi nyingine ziitambue leseni hiyo, ilimradi masharti yake hayako chini ya viwango vya ICAO. Katika nchi zenye ndege zake na usajili wake, mpango huo hauna taabu. Lakini ndege nyingi zinazofanya kazi Juba zimekuwa za usajili wa nje. Ile Antonov ya mwaka 2015 ilisajiliwa Tajikistan. Kwa hiyo yawezekana ndege ikaruka Juba, ikatua Juba, ikabeba watu wa Juba, na ikiwa na hitilafu ikawaangukia watu wa Juba, hali jalada la afya la rubani wake liko katika kabati lililo umbali wa maelfu ya kilomita. Mambo ni yaleyale ya zama za Imperial Airways, ila kabati limehamishwa.

Ongeza juu ya hayo malaria. Cheti cha afya husema hali ya mtu siku aliyopimwa. Rubani aliyepita vizuri mwezi Januari aweza kuwa na homa kali mwezi Mei. Kanuni zinamkataza kuruka pindi anapojua kuwa siha yake imepungua, hata kama cheti chake bado hakijaisha muda. Dawa nazo zina hatari zake. Meflokwini, mathalan, imekatazwa kwa marubani na mamlaka nyingi kwa sababu yaweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili. Dawa anayoinunua mtu dukani jioni, kwa haraka, ili awahi safari ya asubuhi, haiingii katika jalada lolote. Itaingia pale tu ambapo rubani anaweza kumwambia daktari na mkuu wake kwamba leo hawezi, na asikatwe mshahara kwa kusema hivyo.

Tuseme basi rubani amenyimwa cheti katika nchi moja kwa sababu ya moyo. Anapanda ndege kama abiria, anakwenda nchi ya pili, anapimwa na daktari asiyemjua. Siku hiyo moyo unadunda vizuri. Akifika kwenye swali linalouliza kama amewahi kukataliwa, anaandika "hapana", anatia sahihi, na baada ya wiki moja yuko Juba akiwa na cheti halali. Mtu wa pekee awezaye kulikanusha jibu hilo ni ofisa wa leseni, akiwa na daftari mbele yake, akiwa na ofisi ya nchi ile ya kwanza ya kuiandikia, na akipata majibu kabla ndege haijapita juu ya mapaa ya Gurei.